Hiyo asilimia yako imehesabu nini, buda?

Kila mwanzo wa mwezi lazima hii vita ianze. Msee anaposti skrinshoti ya grafu, anaandika "Windows imekwisha," ama "Linux haifiki hata 5%, wacheni kujisumbua," ama "Kenya ni Android tu, hizo zingine ni za kujishaua." Ndani ya saa moja komenti zimejaa, watu wanatusiana ni kama Gor na Ingwe wamekutana Nyayo. Na hakuna hata mmoja anayeuliza swali ambalo mwalimu wa hesabu wa darasa la sita angeuliza kwanza: asilimia ya nini?

Ya watu? Ya vifaa? Ya kompyuta zilizouzwa? Ya kurasa zilizofunguliwa? Hayo ni majibu manne tofauti, na kila moja lina namba yake.

Mimi nasema hivi, na niko tayari kwa matusi: zile grafu za mifumo endeshi, yaani Windows, Android, iOS, macOS, Linux na ndugu zao, si sensa. Haziwahesabu watu. Zinampa mwenye intaneti nyingi kura nyingi, na mwenye bando ya mbao kura chache. Mbaya zaidi, kuna watu wenye ofisi na bajeti wanaozitumia kuamua nani atahudumiwa na nani ataambiwa "kifaa chako hakikubaliki." Hapo si vita ya mafani tena. Hapo ni maisha ya mtu.

Grafu inapikwa aje

Skrinshoti nyingi mnazoona zinatoka StatCounter, kampuni ya Ireland. Kazi yao ni kuwapa wenye tovuti kipande kidogo cha programu cha kuhesabu wageni. Wanasema kiko kwenye tovuti zaidi ya milioni 1.5. Ukifungua ukurasa mmoja wa tovuti hizo, brauza yako inajitambulisha: mimi ni Chrome, niko kwa Android. Hiyo ni alama moja. Ukifungua ukurasa wa pili, alama ya pili. Mwisho wa mwezi wanajumlisha alama zote, wanagawanya, grafu inatoka.

Umeona kilichohesabiwa? Kurasa. Si wewe. StatCounter wenyewe hawajaficha hilo, wameliandika kwa tovuti yao kwa lugha nyepesi kabisa. Ni wewe msee wa skrinshoti hukusoma.

Tufanye hesabu ya mtaa. Tuseme ploti moja ina watu 10. Tisa wana simu za Android na bando ndogo, kila mmoja anafungua kurasa 5 kwa siku. Hizo ni 45. Wa kumi ana MacBook na waifai ya kulipia kila mwezi, anafungua kurasa 55. Jumla ni kurasa 100. Kwa grafu ya kurasa, hiyo ploti ni macOS 55%. Kwa watu, macOS ni 10%. Hakuna aliyedanganya. Ni vile tu mtu mmoja amepiga kura mara 55.

Sasa chukua hiyo ploti uifanye dunia nzima. Nani anafungua kurasa nyingi? Mwenye intaneti isiyoisha. Nani anafungua chache? Yule anayewasha data, anasoma WhatsApp, anazima haraka kabla bando haijaliwa. Halafu unaniambia hiyo grafu inaonyesha "watu wanatumia nini."

Wahesabuji wawili, dunia moja, miezi 11 katikati

Kama unadhani naongeza chumvi, rudi nyuma kidogo. Kulikuwa na mhesabuji mwingine mkubwa, NetMarketShare, wa kampuni ya Net Applications. Hawa walihesabu wageni badala ya kurasa, na waliongeza uzito kwa nchi zenye watumiaji wengi wa intaneti, kama China, ili tovuti zao za Marekani zisitawale hesabu. StatCounter hawaongezi uzito wa aina hiyo.

Swali lilikuwa rahisi: Windows 10 ilipita Windows 7 lini? StatCounter ilisema Januari 2018. NetMarketShare ikasema Desemba 2018. Dunia ni ile ile, kompyuta ni zile zile, na jibu limeachana karibu mwaka mzima. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa njia yake ya kuhesabu. Sasa kama wewe ulikuwa na kampuni, na ulisubiri siku hiyo ndiyo uache kuhudumia Windows 7, ungewafungia watu mlango mwaka mmoja mapema ama la, kutegemea tu ulifungua tovuti gani asubuhi hiyo.

NetMarketShare ilifunga kazi mwaka 2020. Walisema mabadiliko ya jinsi brauza zinavyojitambulisha yangeharibu njia yao ya kutambua vifaa. Soma hiyo tena polepole. Mhesabuji aliyekuwa anategemewa na dunia nzima aliona msingi wa kazi yake unabomoka, akaacha. Sisi huku tumeendelea kuposti grafu kama kawaida.

Mashine zinavaa maski

Kwa sababu enyewe, utambulisho wa brauza sio kitambulisho cha serikali. Ni maneno tu ambayo brauza inasema, na mara nyingi inasema uongo kwa nia njema.

Kompyuta ya Windows 11 inajitambulisha kama Windows 10, mpaka brauza iulizwe swali la ziada, na si brauza zote zinalijibu. Mac ya leo bado inasema ni toleo la 10.15.7, lile la zamani la Catalina, kwa sababu brauza ziligandisha hiyo namba ili tovuti zisivunjike. iPad tangu 2019 inafungua tovuti nyingi ikijiita Mac.

Na hii nyingine unaweza kuijaribu saa hii. Chukua simu yako ya Android, fungua Chrome, bonyeza vile vidoti vitatu, uweke tiki kwa "Desktop site." Umeshawahi kufanya hivyo, usinidanganye. Kila mtu hufanya pale tovuti ya fomu fulani inakataa kufunguka vizuri kwa simu. Ukishaweka hiyo tiki, simu yako inaanza kujitambulisha kama kompyuta ya Linux. Wewe na Tecno yako, umekaa kwa matatu Thika Road, umegeuka kuwa mtaalamu wa Linux bila kujua.

Wakati huo huo wale watu wa Linux wenyewe, ambao wengi wanapenda faragha, wameweka vizuizi vya matangazo na ufuatiliaji. Vizuizi hivyo vinazima vile vipande vya kuhesabu, kwa hivyo wao hawaonekani kabisa. Sasa niambie Linux ni asilimia ngapi. Huenda imepunjwa, huenda imeongezewa. Mtu anayekutajia namba yenye nukta na desimali mbili anakuuzia hewa.

Septemba 2025 grafu ya StatCounter ilionyesha Windows 7 imepanda ghafla hadi zaidi ya 9% ya kompyuta za Windows. Windows 7! Mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Januari 2020. Kuna watu waliandika habari ati dunia inarudi Windows 7. Manze, hakuna mamilioni ya watu walioamka siku moja wakasema wacha turudi 2009. Mstari ukiruka hivyo, jambo la kwanza la kushuku ni hesabu, si binadamu.

Saiba iliwahi kuchanganya dunia

Hii ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu ni hadithi yetu hata kama haikutokea hapa.

Valve, wenye Steam ya magemu, hufanya uchunguzi kila mwezi kuona wachezaji wao wana mashine gani. Kuanzia Agosti 2017 namba zikaanza vituko. Windows 7 ikapanda, Kichina kikapanda, kadi za picha zikabadilika. Watu wakaandika uchambuzi mrefu kuhusu soko. Baada ya miezi saba, mwaka 2018, Valve wakasema tatizo lilikuwa saiba za Asia. Uchunguzi ulikuwa umepangwa kila mashine ihesabiwe mara moja kwa mwaka, lakini saiba nyingi ziliendesha mashine zao kwa njia iliyofanya wateja wahesabiwe tena na tena. Kompyuta moja ikawa kama umati.

Kwa hivyo saiba inaweza kufanya watu waonekane wengi kuliko walivyo. Inaweza pia kufanya kinyume chake. Fikiria saiba ya mtaa yenye kompyuta sita. Kwa siku wanaingia wanafunzi wa kuomba vyuo, mama wa kulipia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kijana wa kutafuta cheti cha tabia njema, mzee wa fomu ya ardhi. Watu hamsini, mashine sita. Ukihesabu vifaa, umepata sita. Ukihesabu watu, umepata hamsini. Ukihesabu kurasa, inategemea nani alikuwa na haraka.

Vifaa navyo si watu

Wengine wanakimbilia namba za kampuni zenyewe. Google walisema 2021 kwamba kuna vifaa bilioni 3 vya Android vinavyotumika. Apple walisema mwanzoni mwa 2025 wako na vifaa bilioni 2.35. Sawa, lakini mtu mwenye iPhone, iPad, saa na MacBook amehesabiwa mara nne, peke yake.

Na hata hizo namba husomwa vibaya. Juni 2025 Microsoft waliandika kwamba Windows iko kwa vifaa "zaidi ya bilioni." Kwa kuwa zamani walikuwa wametaja bilioni 1.4, waandishi wakatoa moja kwa nyingine, vichwa vya habari vikalia: Windows imepoteza watumiaji milioni 400! Microsoft wakarekebisha lile andiko lisomeke zaidi ya bilioni 1.4. Milioni 400 walizaliwa na kufa ndani ya siku chache, kwa sababu ya neno "zaidi."

Sasa rudi nyumbani

Kwa nini nimekasirika? Kwa sababu hapa kwetu hesabu hizi zina bei.

Sensa yetu ya 2019 iliuliza watu moja kwa moja. Kati ya walio na miaka 3 na zaidi, waliokuwa wanatumia intaneti walikuwa 22.6%, na waliotumia kompyuta 10.4%. Miaka imepita, ndiyo, lakini fikiria maana yake: wakati huo grafu yoyote ya "Kenya inatumia nini" ilikuwa inaongea kuhusu chini ya robo ya hao Wakenya. Mamlaka ya Mawasiliano nayo inahesabu laini za simu, na laini ni nyingi kuliko Wakenya wenyewe, kwa sababu wewe peke yako una moja ya M-Pesa na nyingine ya bando.

Na kabambe je? Shosho anatuma pesa, ananunua tokeni za stima, analipa karo ya mjukuu, yote kwa kubonyeza nyota na alama ya reli. Hafungui ukurasa hata mmoja wa tovuti. Kwa grafu yako, shosho hayupo. Ni mteja, ni mlipa kodi, ni mpiga kura, lakini asilimia yake ni sifuri.

Tarehe 30 Juni 2023 serikali ilizindua huduma 5,000 kwenye eCitizen. Hiyo ni poa, sipingi. Lakini huduma ya umma ikishaingia mtandaoni, swali la "watu wetu wanatumia vifaa gani" linakuwa zito kama swali la barabara. Duka la viatu linaweza kuchagua wateja. Serikali haiwezi kuchagua raia.

Na kampuni binafsi zinakata watu kila siku. Acha niwape yangu. Mwaka jana niliomba kazi ya miezi mitatu kwa kampuni moja, jina naliacha. Mtihani ulikuwa wa mtandaoni, na programu yao ya kusimamia mtihani ilikubali Windows na Mac pekee. Laptopu yangu ni ex-UK, RAM ya 4GB, nimeiwekea Linux kwa sababu kwa Windows feni yake ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga unga. Nikawaandikia. Jibu likaja: "Samahani, watumiaji wa Linux ni chini ya 5%."

Chini ya 5% ya nini? Ya dunia? Ya kompyuta za mezani? Ya vijana wa Nairobi wanaotafuta kazi wakiwa na laptopu za mitumba? Hawakujua. Walikuwa wameona grafu.

Nikaenda saiba, nikalipa, nikafanya mtihani hapo nikiwa nimezungukwa na watu wa kuchapisha CV. Na sasa sikiliza uchawi wenyewe: kwa rekodi za hiyo kampuni, mimi ni mtumiaji wa Windows. Wakikaa kikao waangalie rekodi zao, watasema, "Mnaona? Watahiniwa wetu wote wako Windows na Mac. Tuliamua vizuri."

Hiyo ndiyo dhambi kubwa ya hizi hesabu. Ukifunga mlango kisha uhesabu walio ndani, lazima utapata kwamba walio nje hawapo. Tovuti ikikataa simu za zamani, simu za zamani zitapungua kwa rekodi zake. Asilimia ikishuka, wanapata sababu ya kukata nyingine. Inajilisha yenyewe, kama nyoka anayemeza mkia wake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuhudumia Windows 10 bure. Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa hapa tao haziwezi kuwekwa Windows 11 kihalali, kwa sababu Microsoft wanataka prosesa mpya zaidi na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Grafu zinasema Windows 11 imeshapita Windows 10. Tayari nasikia developa fulani akisema, "Basi tuwaache hao wa 10." Hao wa 10 ni nani? Ni mwanafunzi wa chuo aliyenunua laptopu kwa pesa ya kuchangishiwa na ukoo mzima.

"Lakini hesabu mbaya ni afadhali kuliko kukosa hesabu"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila mara, na nusu yake nakubali. Grafu hizi ni nzuri kwa kuona mwelekeo wa miaka mingi. Machi 2017 StatCounter walipoonyesha Android imepita Windows, 37.93% kwa 37.91%, ule mwanya wa 0.02 haukuwa na maana yoyote. Maana ilikuwa ule mteremko wa miaka mitano kabla yake. Dunia ilikuwa inahamia kwa simu, na hakuna anayebisha.

Mwelekeo, sawa. Kukata watu, hapana. Kipimo cha kuonyesha upepo unavuma upande gani hakiwezi kukuambia nyumba ya nani haina paa. Na ukumbuke 3% si kitu kidogo. Huduma ikiwa na watu milioni 10, 3% ni watu laki tatu. Hao wanajaza Kasarani mara tano.

Kwa hivyo mimi nataka mambo matatu, na si magumu.

Kwanza, wewe wa skrinshoti: kabla hujaposti, andika chini yake imehesabu nini, kati ya nani, na nani hayumo. Ukishindwa, usiposti.

Pili, madevelopa wa hapa, wenzangu: wacheni kunakili grafu ya dunia kwa kikao cha Nairobi. Hesabuni wageni wenu wenyewe, na muhesabu pia waliogonga wakashindwa kuingia. Rekodini fomu zilizoanzwa na hazikumalizwa, na kifaa kilichotumika. Halafu nendeni saiba moja, mkae asubuhi nzima, mwone watu wanavyohangaika na kazi yenu.

Tatu, serikali: Marekani ina ukurasa wa wazi tangu 2015, analytics.usa.gov, ambapo mtu yeyote anaona wanaotembelea tovuti za serikali kuu wanatumia mifumo endeshi gani. eCitizen nayo ifungue namba zake hivyo hivyo. Ni huduma yetu, tunailipia, tunataka kujua nani anaingia na nani anaachwa mlangoni. Na sensa ijayo isiulize tu kama mtu ana simu. Iulize ni simu ya aina gani, na watu wangapi wanaitumia.

Mpaka hapo, mtu akikurushia asilimia usibishane naye kuhusu Windows na Linux. Muulize tu: ya nini? Akinyamaza, umeshashinda. Akijibu "ya watu," muulize amemhesabu shosho wako wapi.